Okestra Iliyozaliwa Katika Chama: Historia na Ukuaji wa Ikhwani Safaa ya Zanzibar

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili hukutana na taarab kwanza darasani, katika somo la fasihi simulizi au la ushairi. Huonyeshwa ubeti, akaambiwa ahesabu mizani, ataje vina vya kati na vya mwisho, kisha aeleze dhamira. Hiyo ni kazi njema. Hata hivyo, ubeti ulioko kwenye karatasi ni nusu tu ya taarab. Nusu ya pili ni kundi la watu ishirini au zaidi walioketi kwa safu, kila mmoja na chombo chake, ambao bila wao maneno yale yangekuwa shairi kama mashairi mengine. Kundi hilo ndilo okestra, na kwa bahati mbaya vitabu vyetu vya kiada havilitaji sana.

Makala haya yanadhamiria kueleza historia na ukuaji wa okestra moja, nayo ni Ikhwani Safaa ya Zanzibar, ambayo wengine huiita Akhwani Safaa. Ilianzishwa mwaka 1905, na kwa hivyo imepita umri wa karne moja. Hoja yetu kuu ni kwamba okestra hii imedumu kwa sababu mbili: kwanza, ilikuwa chama kabla ya kuwa sauti, na pili, ilikubali kuimba kwa lugha ya watu wanaoisikiliza. Aidha, tutaonyesha kwamba sababu ya kwanza ndiyo iliyo mashakani siku hizi.

Okestra ni nini?

Neno okestra limeingia katika Kiswahili kutoka lugha za Ulaya, na wengi wakilisikia huwaza okestra ya simfonia. Hiyo ni okestra kubwa yenye jamaa nne za ala: ala za nyuzi kama fidla na chelo, ala za kupuliza za mbao kama filimbi, ala za kupuliza za shaba kama tarumbeta, na ala za kugonga kama ngoma. Wapigaji husoma noti zilizoandikwa, na mbele yao husimama kiongozi mwenye kijiti mkononi. Kila jamaa hupewa sauti yake, na sauti hizo hupandanishwa, moja juu ya nyingine.

Okestra ya taarab ni ya aina nyingine. Uti wa mgongo wake ni nyuzi. Kuna udi, wenye tumbo la duara mfano wa nusu ya boga na shingo fupi isiyo na vigawanyo. Kuna kanuni, ala bapa yenye nyuzi zaidi ya sabini, ambayo mpigaji huiweka mapajani au mezani na kuidonoa kwa vidole vya shahada vilivyovishwa pete za chuma. Jina hili halitofautiani na lile la kanuni ya sheria. Yote mawili yametujia kupitia Kiarabu, na si ajabu, kwa maana ala hii ndiyo inayozipa ala nyingine sauti ya kujipimia. Kuna fidla kadhaa, chelo, na besi, lile fidla kubwa ambalo mpigaji hulipiga akiwa amesimama. Kuna akodiani, na wakati mwingine nai, yaani filimbi ya mwanzi. Mapigo hutoka kwa dumbaki, bongosi na rika, ambayo ni dufu ndogo yenye njuga.

Tofauti kubwa zaidi imo katika namna ya kupiga. Katika taarab, ala zote hufuata lahani moja, lakini kila mpigaji huipamba kwa namna inayokifaa chombo chake. Fidla huvuta, kanuni hudondosha, udi hukatiza. Hakuna mwenye kijiti. Wapigaji husikilizana, na mara nyingi mpigaji fidla au kanuni mzoefu ndiye anayewaongoza kwa ishara ya kichwa. Isitoshe, baadhi ya lahani hutumia makamu za Kiarabu, ambazo hatua zake hazilingani na za piano. Ndani yake mna sauti zinazokaa katikati ya sauti mbili za piano. Msomaji aliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia.

Kutoka jumba la mfalme

Historia ya taarab ya Zanzibar husimuliwa kuanzia enzi ya Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kutoka mwaka 1870 hadi 1888. Kwa mujibu wa masimulizi yaliyopokewa na kuandikwa na wanamuziki wenyewe, Barghash alipendezwa na muziki wa Misri, akawaleta wapigaji kutoka huko ili wamtumbuize. Baadaye alimtuma Mzanzibari mmoja, Mohamed bin Ibrahim, aende Misri kujifunza muziki, hususan kupiga kanuni. Aliporejea, aliwafundisha wengine, na kikundi cha jumba la mfalme kikapatikana.

Neno taarab lenyewe linatokana na Kiarabu, nalo hubeba maana ya ule msisimko unaompata mtu kwa kusikia sauti nzuri. Katika siku hizo za mwanzo, msisimko huo ulikuwa wa wachache. Ulikuwa ndani ya kuta za jumba, nyimbo zilikuwa za Kiarabu, na wasikilizaji walikuwa Sultani na wageni wake. Mwananchi wa Ng'ambo, mtaa wa watu wa kawaida uliokuwa ng'ambo ya mkono wa bahari, hakuwa na nafasi pale isipokuwa kama mtumishi.

Ikumbukwe kwamba muziki unaomtegemea mfalme hufa na mfalme. Mlezi akifa au akikosa hamu, wapigaji hutawanyika. Hilo ndilo linalolipa tukio la mwaka 1905 uzito wake. Mwaka huo, vijana wa mjini, wengi wao wenye nasaba ya Kiarabu, waliamua kuanzisha chama chao cha muziki. Walikiita Ikhwani Safaa, maana yake ndugu wa usafi, au ndugu wenye nia safi. Jina hilo si geni katika historia ya Uislamu: lilikuwa jina la jamii ya wanafalsafa wa Basra katika karne ya 10. Vijana wale waliagiza ala kutoka Misri, wakakutana kujifunza, na wakaendesha mambo yao kwa michango ya wanachama.

Hapo kitu kipya kilikuwa kimetokea. Ala hazikuwa tena mali ya jumba. Zilikuwa mali ya chama. Mpigaji hakuwa mtumishi. Alikuwa mwanachama mwenye kazi yake ya mchana, na muziki ulikuwa shughuli yake ya jioni. Chama kilikuwa na viongozi, na kilikuwa na mahali pa kukutania. Mtu mmoja angeweza kufa, kuhama au kukasirika, na okestra ikabaki.

Kiswahili chaingia barazani

Pamoja na hayo, okestra hii ya mwanzo bado ilikuwa na upungufu mkubwa. Iliimba kwa Kiarabu katika kisiwa ambacho wakazi wake walio wengi walizungumza Kiswahili. Waliosikiliza waliweza kufurahia lahani, lakini wengi wao hawakuyaelewa maneno.

Mageuzi hayakuanzia ndani ya chama. Yaliletwa na mwanamke aliyezaliwa kijijini Fumba mnamo mwaka 1880, katika familia ya watu wa chini, akaingia mjini akiuza vyungu. Huyu ni Siti binti Saad. Siti alijifunza kuimba kwa mtindo wa taarab, akaungana na wapigaji mahiri, akiwamo mpigaji fidla kipofu Mbaruku aliyetoka Mombasa, na akaimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay, India, wakarekodi santuri. Santuri hizo ziliuzwa katika mwambao mzima na kuvuka hadi bara, na zikamfanya awe sauti ya kwanza ya Kiswahili kujulikana kwa njia hiyo katika eneo kubwa namna ile. Shaaban Robert aliyaandika maisha yake katika Wasifu wa Siti Binti Saad, kitabu ambacho hadi leo ni miongoni mwa misingi ya uandishi wa wasifu katika Kiswahili. Siti aliaga dunia mwaka 1950.

Siti alithibitisha jambo lisilohitaji tena hoja: kwamba lugha ya Kiswahili, pamoja na hazina yake ya mafumbo na vina, inaweza kubeba muziki huu wote. Baada yake, vyama havikuwa na budi kufuata. Nyimbo za Kiswahili ziliongezeka katika Ikhwani Safaa, hata Kiswahili kikawa ndiyo lugha kuu ya okestra. Kuanzia hapo, mshairi wa mtaani, ambaye pengine hakuwahi kushika udi, alipata nafasi katika muziki huu. Aidha, msikilizaji wa kawaida alipata sababu ya kuja, kwa kuwa maneno yalimhusu: mapenzi yake, majirani zake, uchungu wake. Hivi ndivyo okestra ilivyopata umma wake.

Miaka ya upanuzi

Miaka ya 1940 na 1950 ilikuwa ya upanuzi. Filamu za Misri zilionyeshwa Zanzibar, na sauti za Umm Kulthum na Mohamed Abdel Wahab zilisikika kwa santuri na kwa redio. Okestra za Cairo zilikuwa zimekua, zikaongeza safu nzima ya fidla badala ya moja, na zikaingiza chelo na besi. Wazanzibari walivutiwa na ukubwa huo. Ikhwani Safaa nayo ilipanuka kwa mfano huo, hata ikawa okestra kamili.

Wakati huohuo vyama vingine vilizaliwa. Wanawake walianzisha vyao, vikiwa na majina yanayoonyesha mizaha na majigambo ya wakati wao, kama vile Royal Navy na Sahib el-Ari. Vyama hivi vilikuwa zaidi ya vikundi vya muziki. Wanachama walisaidiana katika harusi na misiba, walishona sare, na walishindana vikali kwa nyimbo za mafumbo. Mwaka 1958 kilianzishwa chama cha Shime Kuokoana, ambacho baadaye kingekuwa Culture Musical Club, okestra kubwa ya pili ya Zanzibar, yenye makao yake Vuga. Ushindani baina ya okestra hizi mbili umekuwa chachu ya ubora kwa miongo mingi, kama ulivyo ushindani wa timu mbili za mpira katika mji mmoja.

Mapinduzi na zama zilizofuata

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalibadilisha kila kitu Zanzibar, na okestra haikusalimika. Watu wengi wenye nasaba ya Kiarabu waliondoka kwenda Oman, nchi nyingine za Ghuba na Uingereza, na miongoni mwao walikuwamo wapenzi na wapigaji wa muziki huu. Serikali mpya iliitazama taarab kwa macho mawili. Kwa upande mmoja, ilikuwa na harufu ya jumba la Sultani. Kwa upande wa pili, ilikuwa sanaa iliyopendwa mno na umma, na kwa hivyo chombo chenye manufaa. Hatimaye vyama viliwekwa chini ya mwavuli wa chama tawala na taasisi za dola, na nyimbo za kusifu mapinduzi na ujenzi wa taifa zikaingia kando ya zile za mapenzi.

Hapa ndipo thamani ya uanachama ilipodhihirika kwa mara ya pili. Sultani aliyeulea muziki huu alikuwa ameondolewa, lakini okestra haikuondoka naye, kwa sababu ilikuwa imekwisha kuwa ya watu. Waliobaki walikutana, wakawafundisha waliojiunga, na nyimbo za zamani zikaendelea kupigwa. Chama ambacho kwa miongo mingi kilikuwa cha wanaume kiliwapokea wanawake waimbaji, na milango ikafunguka kwa watu wa nasaba na mitaa mbalimbali. Mwaka 2005 kilitimiza miaka 100. Mwaka huohuo mfululizo wa santuri wa Zanzibara, unaotolewa Ufaransa, ulizinduliwa kwa toleo la kuiadhimisha karne hiyo ya taarab.

Wimbo unavyozaliwa

Ili tuelewe nguvu za chama, yafaa tufuate safari ya wimbo mmoja. Kwa kawaida watu watatu tofauti huhusika. Wa kwanza ni mshairi, anayeleta maneno. Wa pili ni mtunzi wa lahani, anayeyatafutia maneno yale sauti. Wa tatu ni mwimbaji, ambaye huchaguliwa kwa kuwa sauti yake inaufaa wimbo. Kisha okestra nzima hukaa mazoezini jioni baada ya jioni, mpaka kila mkono ujue pa kuingia na pa kunyamaza.

Umbo la kawaida la shairi la taarab ni ubeti wa mistari mitatu, kila mstari ukiwa na mizani 16 iliyogawika nane kwa nane. Tutoe mfano wa ubeti uliotungwa kwa ajili ya makala haya tu:

Peke yangu safarini, siwezi kufika mbali,
Tushikane mikononi, wenzangu tuwe wawili,
Pendo halina thamani, bila mwenzi wa ukweli.

Vina vya kati ni -ni na vya mwisho ni -li. Jumla ya mizani ni 48. Msomaji akiusoma kwa sauti atamaliza kwa muda wa pumzi chache. Katika okestra, mambo ni tofauti. Kwanza ala hupiga dibaji bila mwimbaji. Kisha mwimbaji huleta kipande cha kwanza, na ala zikamjibu. Hukirudia, pengine akiivuta silabi moja hadi ijae nafasi ya silabi tano. Fidla huchukua lahani na kuipeleka kwingine kabla ya kumrudishia. Waitikiaji huingia katika kiitikio. Ubeti ule mfupi hugeuka kuwa dakika kadhaa, na wimbo wa beti nne huweza kupita dakika kumi.

Jambo hili lina funzo kwa uhakiki wetu. Mizani ambayo kwenye karatasi ni sawa kwa sawa haiwi sawa katika wimbo. Neno ambalo mtunzi wa lahani ameamua lirudiwe mara tatu hupata uzito ambao mhakiki wa karatasi hawezi kuuona. Kwa hivyo, anayeichambua taarab kwa kuhesabu mizani pekee ni kama mtu anayetaka kujua utamu wa pilau kwa kusoma orodha ya viungo.

Siku ya onyesho, okestra huweza kuanza na bashraf, yaani kipande cha ala tupu ambacho asili yake ni muziki wa Waturuki. Baadaye waimbaji hupokezana. Wasikilizaji, hasa wanawake, huinuka na kuijongelea jukwaa kwa mwendo wa madaha ili kumtunza mwimbaji kwa fedha. Anayetunza hufanya hivyo kwa maana: pengine mstari ule umemgusa, au anataka fulani aliyeketi kule nyuma ajue kwamba fumbo ni lake. Kwa desturi ya vyama, fedha hizo huingia katika mfuko wa chama, si mfukoni mwa mwimbaji. Ndizo zinazonunua nyuzi na kukarabati ala.

Kinanda kimoja na watu ishirini

Mnamo miaka ya 1990 upepo mpya ulivuma. Tanzania bara, vikundi vya Muungano Cultural Troupe na Tanzania One Theatre vilipambana kwa nyimbo za mipasho, ambazo fumbo lake lilikuwa jembamba na kijembe chake wazi. Mwaka 1992 kilianzishwa kikundi cha East African Melody, na mtindo ulioitwa taarab ya kisasa, au rusha roho, ukashika kasi. Watu walianza kucheza badala ya kuketi na kusikiliza. Mwaka 2006 Jahazi Modern Taarab ilianzishwa ikiongozwa na Mzee Yusuf, na umaarufu wake ukaenea Afrika Mashariki.

Si haki kuudharau mtindo huu. Umeipa taarab vijana, umewapa wanawake waimbaji jina na kipato, na umekiendeleza Kiswahili cha mafumbo na majibizano. Lakini nyuma ya mabadiliko hayo lipo suala la hesabu. Kinanda kimoja cha umeme huweza kutoa sauti ya fidla, ya akodiani, ya nai na hata ya mapigo. Anayeandaa harusi hujiuliza: kwa nini nilipe nauli na chakula cha watu ishirini na watano, ilhali watano watanitosha? Jibu la mfuko huwa jepesi.

Hasara yake haionekani siku hiyo. Huonekana baada ya miaka. Tulisema hapo awali kwamba baadhi ya makamu zina sauti zinazokaa katikati ya sauti mbili za piano. Kinanda cha kawaida, kisipopangwa upya, hakina sauti hizo; na mtunzi anayekitegemea huacha kuzitumia, mwishowe masikio ya wasikilizaji huzisahau. Kubwa zaidi ni kukatika kwa mnyororo wa ufundi. Kanuni haijifunzwi kwa mwezi mmoja. Iwapo kijana haoni jukwaa ambalo siku moja ataipigia, hana sababu ya kukaa miaka chini ya mwalimu. Mwalimu akifa bila mwanafunzi, ala hubaki ukutani, pambo tu.

Hali hii si ya Zanzibar peke yake. Katika pwani yetu ya Kenya, taarab ilichukua njia ya vikundi vidogo. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2016, aliweza kuushika umma kwa udi wake na wapigaji wachache. Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alisifika kwa lahani zenye ladha ya Kihindi. Mabingwa hawa walikuwa na vipaji vikubwa mno, lakini muziki wao ulisimama juu ya jina la mtu. Mtu alipoondoka, kilichobaki ni kanda na kumbukumbu. Ulinganisho huu unatuonyesha kile ambacho chama kinaweza kukifanya na ambacho nyota, hata iwe angavu vipi, haiwezi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Warithi

Hata hivyo, hatuna sababu ya kukata tamaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilianzishwa mjini Zanzibar chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, ambacho kwa miaka mingi kilifundishia katika jengo la kale la forodha. Chuo hicho kiliwaleta wazee wa okestra wawe walimu, na vijana wa kike na wa kiume wakaanza kujifunza udi, kanuni na fidla pamoja. Matokeo yake mojawapo ni kwamba mwanamke, ambaye kwa muda mrefu alitakiwa aimbe tu, sasa hupiga ala. Kikundi cha Tausi, ambacho wapigaji wake ni wanawake, ni ushahidi. Nalo tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, limeipa okestra ya taarab nafasi mbele ya wasikilizaji kutoka mabara yote. Bi Kidude, aliyeziendeleza nyimbo za Siti hadi alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, alisafiri ng'ambo mara nyingi akiimba na wapigaji wa Culture Musical Club.

Lakini msaada huu nao una mipaka. Tamasha ni la siku chache kwa mwaka. Chuo hutegemea wafadhili, na mnamo mwaka 2019 Dhow Countries ilitangaza hadharani kwamba ilikuwa hatarini kufungwa kwa uhaba wa fedha. Mtalii naye husikiliza kwa saa moja, asielewe maneno, akaenda zake. Kwa maana hiyo, okestra inayomtegemea mtalii na mfadhili inaweza kujikuta imerudi ilikoanzia: ikimtumbuiza mgeni wa jumba kwa lugha asiyoifahamu. Tofauti ni kwamba zamani lugha hiyo ilikuwa Kiarabu, na sasa ni Kiswahili.

Hitimisho

Tumeona kwamba Ikhwani Safaa imepita mikononi mwa zama nyingi. Muziki wake ulizaliwa jumbani, ukahamia chamani, ukapata lugha yake kwa Siti, ukapanuka kwa mfano wa Cairo, ukavuka mapinduzi, na ukakabiliana na kinanda cha umeme. Katika kila zama, walezi wa nje walibadilika: Sultani, dola, mfadhili. Kilichobaki ni watu wanaokutana jioni, wakalipa michango yao na kufundishana.

Kwa hivyo, tunapendekeza mambo mawili kwa wanafunzi wenzetu. Kwanza, utafiti wa taarab usiishie kwenye diwani. Mwanafunzi anayechagua taarab kwa tasnifu yake na aende kwenye mazoezi ya chama, amsikilize mtunzi wa lahani akibishana na mshairi, aandike ni neno gani limerudiwa na kwa nini. Istilahi za wapigaji, ambazo hazimo katika kamusi nyingi, zikusanywe wakati wenyewe wangali hai. Pili, vyama vyetu vya Kiswahili vyuoni, ambavyo huandaa makongamano na mashindano ya ushairi kila mwaka, vifikirie kuwaalika wapigaji wa ala na si wasomaji wa mashairi tu. Ghani ni njema, lakini shairi la taarab liliandikwa likisubiri fidla.

Ada ya mwanachama na jioni chache za mazoezi kwa juma ni vitu vidogo, visivyotangazwa gazetini. Lakini kwa zaidi ya karne moja, hivyo ndivyo vilivyoilipia okestra hii nyuzi zake. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba hiki, iwapo wanachama wake watapungua, hakuna mfadhili atakayekijaza.